Siti binti Saad: Nyota aliyesikika kabla ya kutazamwa

KISIWA cha Kiwayu, kile chembamba kilicholala upande wa mashariki wa Pate katika visiwa vya Lamu, kina sifa mbili kwa watu wa mbali. Ya kwanza ni uvuvi wa Wabajuni na bahari yenye kamba na kasa. Ya pili ni ya kidunia zaidi. Kwa miaka mingi, ufuo wa bara unaokitazama kisiwa hicho ulikuwa na hoteli ya makuti na mikeka iliyopendwa na matajiri na watu mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Hali hiyo ilidumu hadi Septemba 2011, watu wenye silaha walipoivamia usiku, wakamwua mtalii kutoka Uingereza na kumteka mkewe hadi Somalia. Baada ya tukio hilo utalii wa sehemu hizo ulizorota vibaya.

Mashuhuri hao waliifuata bahari na mchanga, lakini walifuata pia kitu ambacho fedha hukipata kwa shida: mahali ambapo mtu hatazamwi. Nyota huutafuta umaarufu kwa jasho, na akishaupata hutafuta pa kuukimbilia. Anayetazamwa na wengi hupimwa na wengi, na kipimo cha wengi hakiishii kwenye kazi yake. Hupimwa pua, mavazi, ndoa, nasaba na hata namna anavyokula.

Pwani ya Waswahili iliyajua mambo haya mapema, kabla ya magazeti ya udaku, kabla ya televisheni na kabla ya simu zenye kamera. Iliyajua kupitia mwanamke mmoja wa Unguja ambaye hakuwa na Kiwayu ya kukimbilia. Aliishi mtaani, miongoni mwa watu waliomsifu asubuhi na kumcheka jioni, na silaha yake pekee ilikuwa koo lake. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad, ambaye leo jina lake hutajwa kila panapotajwa taarab, ingawa wengi wanaolitaja hawajapata kusikia hata wimbo wake mmoja.

Mtumwa wa Fumba

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Wote wawili walitokana na wale watu wa bara waliofikishwa kisiwani kwa njia ya utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka saba tu kabla ya kuzaliwa kwake, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi.

Wazazi wake hawakumwita Siti. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Msomaji wa leo aweza kushtuka kwamba mzazi alimwita mwanawe kwa jina la hali iliyokuwa ikimwonea, lakini majina ya aina hiyo hayakuwa haba zama hizo. Lilikuwa jina lililomweleza mtoto mahali pake duniani kabla hajajua kutambaa.

Elimu hakuwa nayo. Hakupelekwa chuoni kusoma Kurani, na kusoma na kuandika hakujua. Alichorithi ni kazi ya mikono. Fumba ilikuwa nchi ya ufinyanzi, na yeye kama mama yake alifinyanga vyungu na mitungi, akavichoma, kisha akavibeba kichwani kuvipeleka mjini kuuza. Safari ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Njiani aliimba, kwa kujiliwaza na kwa kunadi bidhaa yake. Masimulizi ya maisha yake yanakubaliana kwamba watu walianza kumtambua kwa sauti kabla ya kumwona: sauti ilitangulia, vyungu vikafuata.

Jambo hilo ni dogo lakini ndilo ufunguo wa maisha yake yote. Wasanii wengi wa leo hutazamwa kwanza, ndipo watu waulize kama wanajua kuimba. Yeye alisikika kwanza, na matatizo yake yalianza siku watu walipogeuka kumtazama.

Ng'ambo ya pili

Mnamo mwaka 1911 Siti aliihama Fumba akaenda kuishi mjini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushei, umri ambao mwanamke wa wakati ule alihesabiwa kuwa njia yake imekwisha kuchorwa. Alikuwa amekwisha kuolewa na kuachika. Mjini hakufikia katika majumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Alifikia Ng'ambo, upande wa pili wa hori, kwenye vibanda vya udongo na makuti, ambako waliishi waliokuwa watumwa, wachukuzi, wavuvi, mafundi na wahamiaji kutoka kila pembe.

Muziki wa heshima mjini wakati huo ulikuwa taarab, na taarab ilikuwa mali ya wanaume na ya wakubwa. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliwaita wapigaji kutoka Misri na kumpeleka kijana wake mmoja huko kujifunza kanuni na ala nyingine. Mwaka 1905 waungwana wa mjini waliunda Nadi Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kingali hai mpaka leo. Nyimbo zilizoimbwa barazani kwa Sultani zilikuwa za Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakuyaelewa maneno, lakini kutoyaelewa kulikuwa sehemu ya heshima yenyewe.

Ni katika mazingira hayo Siti alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa. Ali Muhsin aliisikia sauti, akaona kwamba ni hazina iliyolala jaani. Akamfundisha kutamka Kiarabu, kusoma Kurani kwa tajwidi na kuimba kwa kufuata ala. Mwanamke aliyekosa chuo utotoni akapata chuo akiwa mtu mzima, na akajifunza kwa kusikia na kukariri, kwa kuwa kalamu haikuwa njia yake.

Baada ya muda alikuwa na wenzake wa kudumu. Miongoni mwao walikuwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam aliyetoka Mombasa. Kikundi hiki kilialikwa katika arusi za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na kikafika hadi katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti kuanzia mwaka 1911. Mfinyanzi wa Fumba akawa anaimba mbele ya watu ambao zamani wazazi wake wasingethubutu kuwainulia macho.

Hapo ndipo jina la Mtumwa lilipokufa. Wakubwa waliomsikiliza wakamwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Mtu mmoja, katika umri mmoja, akatoka jina la chini kabisa katika ngazi ya jamii yake hadi jina la juu. Lakini akirudi usiku kutoka ikuluni, alirudi Ng'ambo. Nyumba yake huko ikawa barza: watu wa mtaani walikutana, wakapiga soga, wakatunga, na yeye akawaimbia wao kama alivyowaimbia wakubwa.

Mwaka 1928

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilimsafirisha Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Afrika Mashariki haikuwa na studio, na Bombay ilikuwa ndiyo mji mkubwa wa biashara ulioungana na Unguja kwa meli na kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni hiyo iliuza santuri zake kwa chapa ya His Master's Voice, yenye picha ya mbwa anayeisikiliza sauti ya bwana wake ikitoka kwenye gramafoni. Hivyo binti wa watumwa, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, akaifikisha sauti yake kwa watu kupitia chapa yenye jina la sauti ya bwana. Sauti iliyokuwa ndani ya santuri, hata hivyo, haikuwa ya bwana yeyote.

Santuri zikauzika kuliko ilivyotarajiwa. Kikundi kikarekodi tena, na makampuni mengine, yakiwemo Columbia na Odeon, yakaingia katika soko la Kiswahili. Kwa jumla nyimbo alizorekodi Siti katika miaka hiyo michache zilizidi 100. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa wasanii wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki waliofikishwa sokoni kwa njia hiyo, na mwanamke wa mbele yao.

Ni vigumu kwa kizazi cha leo, chenye nyimbo maelfu mfukoni, kuelewa gramafoni ilikuwa kitu gani. Si kila nyumba iliyokuwa nayo. Mtu mmoja mtaani akiimiliki, au mwenye mkahawa akiiweka mezani, watu walikusanyika wakaizunguka. Iliendeshwa kwa kupinda mkono wake kama wa cherehani, sindano ilibadilishwa mara kwa mara, na upande mmoja wa santuri uliisha kwa dakika tatu hivi. Wimbo ulisikilizwa na kundi zima kwa pamoja, ukajadiliwa, ukawekwa tena.

Sauti na lugha

Ipo bahati nyingine ya mwaka huo huo wa 1928 ambayo wanaomkumbuka Siti huisahau. Mwezi Juni, wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walikutana Mombasa kuamua ni lahaja ipi ifanywe msingi wa Kiswahili sanifu cha shule na ofisi. Waliotetea Kimvita, lahaja ya Mombasa, walikuwapo, na hoja zao hazikuwa dhaifu. Uamuzi ukaangukia Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia kazi hiyo, na vitabu vikaanza kupitishwa chini ya mkono wake.

Kabla ya hapo, lahaja iliyoheshimika kuliko zote kwa ushairi ilikuwa ya kaskazini. Tenzi kubwa zilitungwa kwa Kiamu na Kipate, katika visiwa vile vile ambavyo Kiwayu ni kimojawapo. Huko ndiko alikoishi Mwana Kupona binti Msham, aliyewausia wanawake kwa utenzi wake katikati ya karne ya 19. Ngoma na vinanda vya Lamu navyo vilikuwa na jina, na wapo wataalamu wanaoona kwamba mizizi ya taarab ya Kiswahili yafaa itafutwe Lamu kabla ya kutafutwa Misri. Mtunzi wa Unguja aliyetaka kuonekana bingwa aliazima maneno ya kaskazini ili ubeti wake unukie ukale.

Siti hakufuata njia hiyo. Aliimba Kiunguja cha sokoni na kisimani, lugha ya wauza samaki, wachukuzi na wanawake wa Ng'ambo. Wasomi walikikalia kikao Kiunguja, yeye akakitia sauti. Msikilizaji wa Kiwayu aliyezaliwa katika Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, au wa Lamu aliyelelewa katika Kiamu, hakuhitaji mkalimani ili aelewe santuri yake, na vivyo hivyo msikilizaji wa Tanga au Kilwa. Wakati ambapo redio ilikuwa bado haijaenea na wanaojua kusoma walikuwa wachache, sauti kama hiyo ilikifikisha Kiunguja mahali ambapo kitabu cha shule kilichelewa kufika.

Waliomcheka

Umaarufu ulipofika, ulifika pamoja na mkia wake. Siti hakuwa mwanamke mzuri wa sura kwa kipimo cha watu wa wakati wake, na wao hawakuona haya kulisema hilo. Waimbaji wengine walitunga nyimbo za kumkejeli. Walimkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, lile vazi jeusi lililokuwa alama ya mtumwa, na kwamba lau si sauti yake asingekuwa na cha kutia kinywani.

Mtu akizitafakari kejeli hizo ataona jambo la ajabu. Hakuna iliyosema kwamba Siti hajui kuimba. Wote walikubali kwamba anaimba kuliko wao, na ndiyo maana waliacha kuizungumzia sauti wakazungumzia pua. Binadamu anapoona mwenzake amempita katika jambo moja, hutafuta haraka jambo lingine la kumpitia. Tena neno waliloliona kuwa tusi, kwamba bila sauti asingekula, lilikuwa kweli tupu isiyo na aibu yoyote. Fundi seremala naye bila randa hali, na mvuvi bila wavu hali.

Hali hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Umm Kulthum alipofika Cairo kutoka kijijini mwanzoni mwa miaka ya 1920, waandishi na wapenzi wa muziki mjini waliyacheka mavazi na tabia zake za kishamba kabla hajawa malkia wa waimbaji wa Kiarabu. Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyerekodi santuri yake ya kwanza mwaka 1923, alikulia katika ufukara wa Chattanooga, na alipotajirika watu walihesabu ulevi wake kwa makini kuliko nyimbo zake. Katika miaka ile ile, katika mabara mawili, mashine moja mpya iliwapa sauti wanawake watatu waliotoka chini, na katika mabara yote mawili watu waliinunua sauti kisha wakamdai mwenye sauti awe pia mrembo, mwungwana na mnyenyekevu.

Tofauti iko katika jinsi kila mmoja alivyojibu. Umm Kulthum alibadili mavazi na kujifunza adabu za wakubwa wa mjini. Siti alijibu kwa wimbo. Hakujaribu kudai kwamba yeye ni mzuri, wala hakukana kwamba ametoka Fumba. Hoja yake ilikuwa kwamba sura si kitu cha mtu kujivunia wala kuonea aibu, kwa sababu hakuna aliyejichagulia, na kwamba kasoro ya kweli ni ya akili na tabia. Jibu hilo liliwamaliza maneno waliomcheka, kwani waliobaki na la kusema ingewabidi wabishane na Muumba.

Nyimbo zilizofanya kazi ya mahakama

Leo, jina la Siti linapotajwa, wengi hufikiria mapenzi, marashi, asumini na usiku wa arusi. Nyimbo za mapenzi alikuwa nazo, tena nyingi. Lakini Ng'ambo hawakumpenda kwa hizo tu. Walimpenda kwa sababu aliimba mambo waliyoyajua na ambayo wakubwa hawakutaka yasemwe.

Unguja ya wakati wake haikuwa bustani ya marashi. Katika mwaka ule ule wa 1928, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, waliodai kodi hiyo kwa nyumba ambazo wakazi walizijenga kwa mikono yao wenyewe. Mahakama zilikuwa za mkoloni, na maskini alizijua kwa upande wa kizimba. Habari za kesi zilifika mtaani kwa mdomo, na usiku zikafika katika barza ya Siti.

Wimbo wake unaotajwa zaidi katika fungu hili ni ule uitwao Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutoka Dar es Salaam, akatoka matembezini, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Mwuaji alivuka bahari akatoroka. Waliobaki kubeba lawama mbele ya sheria walikuwa wanawake waliofuatana na marehemu. Siti hakuhubiri wala hakutukana. Alipanga kisa hatua kwa hatua, kwa majina, na msikilizaji akajionea mwenyewe kwamba mizani imepinda. Hukumu iliyotolewa mahakamani ikabaki katika majalada, na wimbo ukabaki midomoni mwa watu.

Ziko pia nyimbo zake juu ya waume wapigao wake zao, juu ya wenye vyeo waliokula fedha zisizo zao wakaishia gerezani, na juu ya wanyonge waliodhulumiwa. Katika jamii ambayo mwanamke hakutarajiwa kutoa kauli hadharani, na ambayo mtoto wa mtumwa hakutarajiwa kuwa na kauli kabisa, jambo hilo lilikuwa na hatari yake. Ile ile sauti iliyoingia ikuluni kuwaburudisha wakubwa ilikuwa ikitoka huko na kuwasimulia wadogo habari za wakubwa.

Hapa ndipo kejeli juu ya sura yake zinapopata maana nyingine. Anayesema yasiyotakiwa hujibiwa kwa nadra katika aliyoyasema. Ni rahisi zaidi kumwambia kwamba ni mbaya wa uso na ametoka shamba, ili wasikilizaji wacheke na kusahau alichokuwa akikisema.

Kumbukumbu tamu

Santuri za miaka ya mwanzo ya 1930 zilipoanza kuadimika, kwa mtikisiko wa uchumi wa dunia na kwa kubadilika kwa ladha, enzi ya Siti ilikuwa inaelekea jioni. Aliendelea kuheshimika, lakini vikundi vipya vikachipuka, na kizazi kipya kikataka ala nyingi zaidi na mtindo wa filamu za Misri na India. Mzee aliyekuwa kijana wakati wa Bombay alianza kusema kwamba nyimbo za siku hizi hazina maana, maneno ambayo kila kizazi huyasema zamu yake ikifika.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini. Kwa bahati njema, kabla hajafariki alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliyezungumza naye na kuyaandika maisha yake. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958 na tangu hapo umesomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwanamke asiyejua kuandika aliandikwa na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yake. Bila kitabu hicho, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya Fumba, vyungu na Ali Muhsin ingekuwa imepotea.

Baada ya hapo kila aliyekuja amemchukua Siti kwa haja yake. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti, na hakikukosea, kwani kilimkumbuka msema kweli na siyo mtumbuizaji tu. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo zilizotokana na urithi huo, na masikio ya vijana wa mbali yakaisikia Unguja ya bibi yake.

Lakini desturi ya kumtazama mwimbaji badala ya kumsikiliza haikufa pamoja na Siti. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude, alizikuta nyimbo za Siti akiwa msichana, akazibeba hadi uzeeni. Alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, sehemu kubwa ya dunia ilishangazwa na umri wake, makunyanzi yake na sigara yake. Picha zake zilisambaa kuliko maneno ya nyimbo zake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, mabishano juu ya umri wake halisi yalichukua nafasi ambayo ingefaa wapewe watunzi na walimu wake, Siti akiwa wa kwanza.

Kukumbuka ya kale kuna utamu wake, na hakuna ubaya mtu kuuonja. Ubaya uko pale utamu unapochuja uchungu uliokuwamo. Taarab ya hotelini, inayopigiwa watalii wakati wa machweo, humleta Siti kama harufu ya karafuu: nzuri, ya zamani, isiyomdhuru mtu. Siti wa Ng'ambo hakuwa hivyo. Waliomsikiliza walimjua mwenye kumtaja mwuaji kwa jina, na mwenye kumwambia mume mkatili kwamba mtaa mzima unajua afanyayo usiku.

Vijana wanaochapa maneno makali juu ya wasanii wa leo, nani amenenepa, nani amechakaa, nani ametoka kijiji gani, wasidhani wamebuni jambo jipya. Walitanguliwa na watunzi wa Unguja wa karibu miaka mia moja iliyopita, waliokuwa na vina bora kuliko vyao na sababu ile ile. Tungo zao hukumbukwa leo kwa sababu moja tu, kwamba zilimlenga Siti, na wengi wa watunzi wenyewe majina yao hayajulikani tena. Santuri za mfinyanzi wa Fumba zimebaki, zina mikwaruzo na mvumo wa sindano, na anayetaka kumjua Siti aanze na hizo, kisha aipeleke picha yake kando.